Binti yuko kyeyo na kimya kimezidi: baba, fanya hivi upate habari zake

Hii nawaandikia akina baba. Wale ambao binti zao wameenda kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, Saudi, Dubai, Oman, Qatar, na hata wale ambao binti alienda Marekani kusoma akamezwa na masomo na kazi. Mama akikosa simu ya mtoto analia, majirani wanasikia wanakuja kumpa pole, lakini baba halii, baba anakaa nje jioni na redio yake, simu anaitoa mfukoni anaangalia kama netiwaki ipo, anairudisha, na mtu akimuuliza binti anaendeleaje anajibu "yuko salama" wakati mara ya mwisho kusikia sauti yake ilikuwa kabla mahindi hayajavunwa. Mimi nina kibanda cha mobile money na kuchajisha simu hapa Busia upande wa Uganda, na wangu pia yuko Jeddah, kwa hiyo haya ninayoandika ndiyo tunayofanya hapa kibandani na wazee wenzangu wakija na simu zao.

Anza wewe

Kwetu tumezoea mtoto ndiye anayemtafuta mkubwa. Binti anapiga magoti anasalimia, baba anaitikia. Sasa baba wengi wamechukua desturi hiyo hiyo wakaipeleka kwenye simu, anasema mimi ndiye baba, atanitafuta. Anangoja. Na binti kule Riyadh naye anasema moyoni baba hajaniandikia hata siku moja, labda bado ana hasira vile niliondoka bila yeye kukubali. Mwaka unapita hivyo.

Halafu angalia habari zinavyotembea hapo nyumbani. Binti akipiga anampigia mama yake, wanaongea weee, mwisho anasema "msalimie baba", na wewe hiyo salamu unapewa usiku ukiwa unakula posho, huo ugali wetu, na unaona haya kuuliza zaidi. Mama anajua mtoto anaumwa mgongo, anajua madamu wake ana watoto wangapi na yule mkubwa ana fujo, wewe hujui hata analala chumba gani. Usimlaumu mama yake na usimlaumu binti. Miaka yote alipokuwa nyumbani maneno yake kwako yalipitia kwa mama, ada ya shule alimwambia mama amwambie baba, ruhusa ya kwenda harusini alimwambia mama amwambie baba, kwa hiyo njia ya moja kwa moja kati yako na yeye haikuwahi kuwepo na sasa unataka ijifungue yenyewe kutoka hapa mpaka Uarabuni. Haitajifungua. Ni wewe wa kuifyeka, na unaifyeka kwa meseji ndogo ndogo ambazo hazidai kitu, wiki baada ya wiki, hata kama za kwanza hazijibiwi.

Laini yako kwanza

Kabla ya kulalamika binti hapigi, hakikisha unapatikana. Wazee wengi wanatumia katochi, kale kasimu kadogo ka vitufe, na katochi ni nzuri kwa chaji, lakini jua mtoto aliye Saudi kupiga simu ya kawaida kuja Uganda inamla airtime nyingi, wote wanatumia intaneti. Kama huna smatifoni tafuta mtu mmoja wa kudumu, mjukuu, jirani, au kibanda kama changu, ambaye WhatsApp yake itakuwa njia yako, na mwambie binti jina la huyo mtu ili asikie raha kuongea. Mtu mmoja tu. Ukibadilisha kila mara, leo simu ya bodaboda kesho ya mwalimu, binti anaogopa maneno yake yanasomwa na kijiji kizima, na hapo haogopi bure.

Lakini usiitupe laini ya zamani! Hii nataka uishike sana. Binti akinyang'anywa simu na mwajiri, au simu ikianguka ikavunjika, namba zote zinaenda na hiyo simu, anabaki na zile zilizo kichwani tu. Na namba iliyo kichwani mwake mara nyingi ni ile ya baba au mama ya miaka ile yuko shule, aliyoiandika kwenye fomu za shule mpaka akaikariri. Siku akiazima simu kwa msichana mwingine dakika mbili, ndiyo atakayojaribu. Sasa kama wewe uliiacha laini hiyo kwenye droo, kampuni huwa inaifunga laini isiyotumika muda mrefu na kuiuza kwa mtu mwingine, mtoto atapiga atapokelewa na mtu asiyemjua. Iweke hata kwenye katochi, weka airtime ya 500 mara moja moja, piga simu nayo, ibaki hai. Pia hakikisha imesajiliwa kwa ndagamuntu, kitambulisho cha taifa, yako mwenyewe na si ya kijana fulani aliyekusaidia zamani, maana yeye akipata matatizo na usajili, laini inafungwa na wewe huna la kusema.

Kuna lingine watu wanalisahau. Facebook hapa Uganda ilifungwa Januari 2021 siku za uchaguzi, na tangu hapo anayeitaka anapitia VPN, programu ya kupita kizuizi. Binti aliye Dubai hana kizuizi hicho, anaweza kukuandikia Messenger akaona umenyamaza akadhani umemkasirikia. Mwambie wazi: baba niko WhatsApp, huko kwingine sioni. Na uchaguzi ule ule wa 2021 intaneti yote ilizimwa siku kadhaa, kwa hiyo kila ukikaribia uchaguzi mwambie mapema kwamba nikipotea usiogope, piga simu ya kawaida au tuma SMS.

Tuma sauti yako

Kuandika kunawashinda wengi, macho, vidole, herufi ndogo. Sauti ni bora, na kwa binti aliye mbali sauti ya baba ina kazi ambayo maandishi hayafanyi. Fungua jina lake kwenye WhatsApp, ile alama ya maiki chini kulia ishikilie na kidole uanze kuongea, kidole kikichoka kisukume juu kwenye kale kakufuli, simu itaendelea kurekodi yenyewe, ukimaliza bonyeza mshale. Usiende ndani kujificha. Rekodi pale pale uani, kuku wakilia walie, mvua ikipiga mabati ipige, huko aliko anaishi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha na eyakondishen inanguruma mchana na usiku, hivyo vitu amevikosa.

Sasa useme nini. Maneno ya kwanza kabisa yawe ya kumtuliza, kwa sababu jina la baba likitokea kwenye simu usiku, mtoto aliye mbali anawaza jambo moja tu, nani amekufa. Mzee mmoja hapa alikuwa ameshika simu hajui aanzie wapi, tukakaa naye kwenye benchi, akatoa hivi:

"Mama, ni baba yako. Usiogope, hakuna aliyeumwa, wote wazima. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara ya sokoni tope tupu, bodaboda zinateleza. Ule mwembe wako wa nyuma ya jiko umezaa mpaka tawi moja limevunjika, watoto wanakula wanaharisha. Mdogo wako ametoka jino la mbele, akicheka utamwonea huruma. Sina shida yoyote, nilitaka tu usikie. Ukipata nafasi niambie huko mnakula nini, wali au mkate. Lala salama mama."

Alimwita mama kwa sababu binti amepewa jina la mama wa huyo mzee, na binti anajua. Angalia amemuuliza nini. Wali au mkate. Hajamuuliza unarudi lini, hajamuuliza unaendeleaje na kazi, maana hayo ni maswali makubwa na mtu aliyechoka akiona swali kubwa anasema nitajibu kesho, na kesho haiji. Swali la neno moja analijibu akiwa anaosha vyombo. Alijibu "wali baba, kila siku wali, na kuku", na mzee akanirudishia simu niicheze tena, na tena. Siku nyingine akamuuliza huyo kuku wanampikaje.

Usitume ndefu. Dakika moja, mbili zikizidi. Na usitume tano kwa siku halafu ukapotea mwezi, chagua siku yako, sema Alhamisi jioni, iwe hiyo hiyo mpaka binti ajue Alhamisi baba huongea.

Pesa

Hapa ndipo wengi wamepoteza watoto wao bila kujua. Binti akienda kyeyo, familia nzima inahesabu mshahara wake kabla hajaupata. Mabati, ada ya wadogo, mchango wa mazishi ya mtu ambaye hata hamjui, kaka anataka pikipiki. Kila simu inayotoka nyumbani ina bei. Na yeye mwezi wa kwanza mpaka wa tatu mara nyingi bado anahangaika, wengine waliingia na deni la ajenti, wengine mwajiri analipa akichelewa. Sasa anafanyaje? Anaacha kupokea. Hajaacha kuwapenda, anaona aibu kusema sina.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi, kaa miezi miwili mitatu bila kumwomba hata shilingi, na umwambie kabisa kwa sauti yako kwamba simu ya baba haina mchango. Ndugu wengine wakikusukuma, wakisema mwambie binti yako, kataa mbele yao. Wewe ndiye ukuta wake. Akituma kitu mwenyewe, siku hiyo hiyo mwambie kimefika na kimefanya nini, piga picha risiti ya shule, piga picha tofali zilizopangwa, na usimwambie "mbona kidogo". Nimeona binti aliyekaa kimya muda mrefu sana akaanza kuongea baada ya baba yake kumtumia picha ya ukuta uliofika kwenye madirisha na maneno "hii ni kazi ya mikono yako, pumzika mwezi huu usitume". Siku ambayo kweli kuna shida kubwa, mtoto yuko hospitali, hiyo piga simu ya peke yake, sema shida na kiasi, na usiichanganye na salamu za Alhamisi.

Saa za huko

Saudi, Qatar, Kuwait, Bahrain na Jordan saa ni moja na yetu, ikiwa saa tatu usiku Busia ni saa tatu usiku Riyadh. Dubai, Abu Dhabi na Oman wako mbele saa moja. Kwa hiyo tatizo ni kazi zaidi ya saa. Msichana wa kazi za nyumbani analala nyumba ikilala, na nyumba nyingi za kule zinalala usiku wa manane, ndiyo maana unakuta amejibu saa nane usiku. Usimwulize kwa nini hulali. Saudi, Kuwait, Qatar na Oman wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, siku hizo wengine wanapumzika kidogo na wengine ndiyo kazi inazidi kwa sababu wageni wanajaa, muulize yake ikoje. Umoja wa Falme za Kiarabu walihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022. Ramadhani sahau majibu ya haraka, anapika futari, anapika daku, anaosha vyombo vya watu ishirini, wewe endelea kutuma sauti zako na umwambie usihangaike kujibu mpaka Idi ipite.

Simu ya WhatsApp ikikatika kila ukipiga Dubai usidhani anakukatia. Kule simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiwa na serikali yao, meseji na sauti zilizorekodiwa zinapita vizuri. Wanapiga kwa programu nyingine inaitwa BOTIM, na hata nchi jirani utasikia wasichana wetu wanasema imo, nayo ni programu ya simu, muulize yeye anatumia gani, kijana akuwekee hiyo hiyo.

Tiki zinasema nini

Kwenye WhatsApp, tiki moja chini ya ujumbe maana yake ujumbe umetoka kwako haujafika kwenye simu yake, simu imezimwa au haina intaneti, au amekubloki. Tiki mbili umefika. Bluu amesoma, lakini mtu anaweza kuzima bluu kwenye seting, kwa hiyo tiki mbili za kijivu si dharau. Na bluu bila jibu usiihesabie kama kosa, amekusikia, hiyo peke yake ni habari kwamba simu iko mikononi mwake.

Tiki moja inayokaa ndiyo ya kuangalia. WhatsApp inatunza ujumbe usiofika siku 30 tu kisha inaufuta, kwa hiyo zile sauti ulizotuma mwezi juzi hata simu ikiwashwa leo hazitamfikia, tuma upya. Akaunti isiyotumika kabisa siku 120 huwa inafutwa. Picha yake ikitoweka inaweza kuwa amekubloki, amebadilisha laini, au ameiondoa tu. Anayefika mpya Saudi mara nyingi anachelewa kupata laini yake mwenyewe mpaka karatasi za ukaazi, wanaita iqama, zitoke, kwa hiyo kimya cha wiki za kwanza kina sababu hiyo.

Pitia kwa senga

Ukiona haongei na wewe lakini unajua yuko hewani, anabadilisha picha, anaweka status, basi si dhiki, kuna neno. Usimwendee na hasira. Nenda kwa dada yako, senga wake. Huku kwetu msichana anaweza kumficha mama yake jambo akamwambia senga, na labda ni mimba, labda ni mwanaume, labda alitoroka kwa mwajiri na sasa anafanya kazi bila karatasi na anaogopa kila namba inayoita. Mwambie senga amuulize kama anataka baba ajue. Kama hataki, usimlazimishe senga akuambie, mpe tu maneno ya kupeleka: baba amesema chochote kilichotokea mlango haujafungwa. Na ukishayasema uyashike, usije baadaye ukayageuza.

Pia waulize wasichana waliosafiri pamoja naye. Wale waliopanda ndege moja huwa na kagrupu kao na wanajua nani yuko wapi kuliko sisi wote.

Ukiona si kimya cha kawaida

Mimi napima hivi. Aliyezoea kupiga kila wiki, akifika wiki tatu tiki ni moja na wenzake hawajui alipo, naacha kungoja. Na kama kabla ya kimya alisema anapigwa, anaumwa, hapewi chakula, halipwi, au anataka kurudi wanamkatalia, usingoje hata hizo wiki tatu, anza kesho asubuhi.

Chukua daftari. Andika jina lake kama lilivyo kwenye paspoti, si lile la nyumbani, namba ya paspoti, tarehe aliyosafiri, uwanja aliotokea, jina la kampuni iliyompeleka, jina la mwajiri na mji, namba zote alizowahi kutumia, na siku ya mwisho aliposikika na alisema nini. Hizi ungeziomba mapema, kama binti yako bado yupo nyumbani anajiandaa kuondoka basi piga picha paspoti, mkataba na viza leo.

Pata barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chako, nenda polisi, na usitoke kabla hawajaandika kwenye kitabu na kukupa namba ya SD, ile ya kitabu cha kituo, maana ofisi zote za mbele watakuuliza hiyo. Kisha Kampala kwa kampuni iliyompeleka, nenda na mtu mwingine, usiende peke yako. Usikubali "yuko salama mzee, rudi nyumbani". Waambie unataka jina na simu ya mwajiri, jina la ofisi ya kule iliyompokea, nakala ya mkataba, na unataka umwone kwenye video ukiwa umekaa hapo hapo. Kampuni halali ina mawasiliano hayo, ni kazi yake. Ukiongea naye sikiliza kama anaongea kwa uhuru, muulize kwa lugha ya nyumbani, watu wa kule hawataielewa.

Wakikuzungusha, panda Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, hapo hapo Kampala, ndiyo inayotoa leseni kwa hizi kampuni na ina kitengo cha ajira za nje. Kampuni zenyewe zina chama chao, UAERA, nacho kinapokea malalamiko. Usiwaogope. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kabisa kupeleka wasichana wa kazi za nyumbani Saudi kwa sababu ya malalamiko kama haya ya kwetu, ikafungua tena 2017, kwa hiyo si kweli kwamba mzazi hasikiki. Uganda ina ubalozi Riyadh, Abu Dhabi na Doha, wapelekee yale ya kwenye daftari kwa ufupi, jina, paspoti, mji, mwajiri, tatizo, na upitie pia Wizara ya Mambo ya Nje ili kuwe na barua.

Sasa wale ambao binti alipitia Nairobi. Hapa mpakani tunawaona, ajenti anawavusha Busia au Malaba, wanaenda kupandia ndege Kenya kwa sababu karatasi za Kampala hazipo. Wazazi wengi wanaficha hilo wakifika polisi, wanaogopa watakamatwa. Sema! Ukificha wanamtafuta kwenye orodha ambayo hayumo. Kuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu ya 2009 na Wizara ya Mambo ya Ndani ina ofisi yake ya kazi hiyo. Shirika la kimataifa la wahamiaji, IOM, nalo lina ofisi Kampala na limewahi kuwasaidia waliokwama kurudi. Namba ya yule ajenti, meseji zake, risiti za pesa mlizompa, usifute hata moja.

Na wenzetu wakimbizi mlioko Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Bidibidi, ambao binti mlipotezana vitani au njiani, njia yenu ni Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu, haina malipo, na wanabeba barua za familia hata mahali ambapo simu hazifiki. Barua haifungwi, unaandika habari za familia tu, siasa na mambo ya jeshi usiweke. Muulize mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu hapo kambini, mpe majina yote, la baba, la babu, kijiji, na jina la utani alilokuwa anaitwa.

Wakati unatafuta, watakuja wezi. Utapigiwa na namba ya +966 au +971, au hata ya hapa hapa, sauti inasema binti yako amekamatwa, tuma milioni moja aachiwe leo. Kuna na wale wa kuigiza wanalia nyuma. Usitume. Muulize kitu ambacho binti yako peke yake anajua, jina la ng'ombe wa zamani, alianguka wapi akavunja mkono, na kama kweli wako naye watamuuliza. Ndiyo maana pia sipendi kuweka picha na paspoti ya mtoto kwenye TikTok tukilia, wezi ndiko wanakotoa namba, na mwajiri akiona anaweza kumgeuzia hasira yeye aliye ndani ya nyumba yake. Kuna waliosaidika kwa kelele hizo, sikatai, lakini iwe baada ya ofisi zote kushindwa, na namba yake ya paspoti uifiche.

Siku atakapopiga

Atapiga. Pengine kwa namba usiyoijua, saa ambayo hukutegemea, na netiwaki mbaya. Namba ngeni yenye +96 au +97 pokea hata ukiwa msikitini, toka nje tu, au ukiwa kwenye mkutano wa LC, watu watakuelewa. Usianze na "ulikuwa wapi", usianze na "mama yako karibu afe kwa ajili yako". Sema mwanangu nimefurahi kukusikia, halafu nyamaza umwachie nafasi. Akilia mwache alie, usimkatize na maombi wala mawaidha. Muulize umekula? Uko wapi sasa hivi, uko peke yako? Kama hawezi kuongea ajibu ndiyo au hapana tu.

Kabla haijakatika muulize hii simu ni ya nani na kama unaweza kuipiga tena bila kumletea shida, na saa ngapi. Kesho yake mtumie sauti fupi, ya mvua, ya mwembe, ya kawaida kabisa, asione kwamba sasa kila simu itakuwa ya kuhojiwa. Ile namba iandike kwenye daftari siku hiyo hiyo pamoja na jina la mwenye simu, umpe mama yake na senga nao waiandike.